Nguo za Watoto wa Afrika ya Kaskazini Katika Shule za Wafaransa

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila ukizuka ubishi juu ya mtandio wa msichana darasani, mfano wa Aljeria, Tunisia na Moroko hauchelewi kuletwa. Mmoja husema kuwa Wafaransa waliwavua watoto wa Kiislamu nguo zao, na dini ikatoka pamoja na nguo. Wa pili husema la, Wafaransa waliwatoa watoto wale gizani, na ushahidi ni zile picha za madarasa. Wote wawili husema kwa yakini, na aghlabu wote wawili hawakuutazama ushahidi wenyewe. Wanavyuoni wetu wa hadithi walitufundisha kuwa habari haipokelewi mpaka achunguzwe aliyeileta: ni nani, aliona nini, na ana haja gani katika hilo analolisema. Kanuni hii njema yafaa hata nje ya elimu ya hadithi. Basi leo twataka kuwapitisha mashahidi watatu wa jambo hili: picha, waandishi waliosoma katika shule zile, na amri za serikali. Kisha tuone hukumu inaelekea wapi.

Kwanza tuiweke tarikhi mahali pake. Wafaransa waliingia Algiers mwaka 1830, wakaishika Tunisia mwaka 1881 na Moroko mwaka 1912. Tunisia na Moroko zilipata uhuru wao mwaka 1956, na Aljeria mwaka 1962 baada ya vita virefu. Katika miaka ya 1881 na 1882, waziri Jules Ferry alipitisha huko Ufaransa sheria za elimu ya msingi ya bure, ya lazima na isiyofundisha dini, na amri ya mwaka 1883 ikazipeleka sheria hizo Aljeria. Lakini lazima hiyo ilikuwa ya kwenye karatasi. Vilipoanza vita vya ukombozi mwaka 1954, watoto wa Kiislamu waliokuwa shuleni Aljeria walikuwa kiasi cha asilimia 15 tu. Yaani katika kila watoto mia, kama themanini na tano hawakuwa na darasa, sembuse sare. Msomaji alishike hili mapema, maana mjadala wote wa nguo za wanafunzi unawahusu wachache walioingia mlangoni. Walio wengi walibaki nje, na katika picha za madarasa hawamo.

Na ndani ya mlango huo hapakuwa na vazi moja. Ufaransa yenyewe haikuwa na sare ya shule kwa nchi nzima. Kilichozoeleka ni aproni yenye mikono, nyeusi au ya kijivu, iliyovaliwa juu ya nguo ili wino usiziharibu na tofauti ya tajiri na masikini isionekane sana. Aproni hiyo ilivuka bahari pamoja na walimu. Lakini katika zile zilizoitwa shule za wenyeji, ambazo huko Aljeria zilitengwa na za Wazungu mpaka mwaka 1949, mvulana alikuja na nguo ya kwao. Alivaa gandura, vazi refu kama kanzu ila ni pana zaidi. Siku za baridi alivaa burnusi, joho la sufi lenye kofia yake iliyoshonwa pamoja nalo. Kichwani alivaa sheshia, kofia nyekundu ya sufi, ambayo mafundi wa Tunis wana soko lao maalumu la kuitengeneza. Moroko vazi lilikuwa jalaba. Msichana wa mji wa Algiers aliyefikia umri wa kujisitiri alitoka nje na haiki, shuka jeupe la kufunika mwili mzima, na wa Tunis alitoka na safsari, ambalo ni shuka la namna hiyo hiyo. Mtu wa pwani aliyezoea kanzu, kofia na buibui hapati taabu kuyafahamu mavazi haya.

Sasa na aje shahidi wa kwanza, yaani picha. Iko picha ya rangi iliyoenea sana, ya mwisho wa karne ya 19, yenye kuonyesha shule ya kutarizi mjini Algiers. Wasichana wameketi chini mbele ya fremu za kutarizia, na nguo zao zina rangi za kupendeza. Atazamaye husema: tazama, hivi ndivyo walivyovaa. Lakini picha za namna ile zilipigwa bila rangi, kisha mafundi wa uchapaji huko Ulaya wakazitia rangi kwa mawe ya kuchapia. Basi rangi ya nguo ile ni habari iliyoletwa na mtu ambaye huenda hakuiona nguo yenyewe. Tena picha hizi zilichapwa ziuzwe kwa wasafiri, na msafiri hununua kile alichokuja akikitaka. Mwandishi wa Aljeria Malek Alloula alitoa kitabu mwaka 1981 juu ya kadi za posta zilizoonyesha wanawake wa nchi yake. Alieleza jinsi wapiga picha walivyowakodi wanawake, wakawavisha na kuwapanga kama walivyotaka, kisha wakaziuza kadi zile kana kwamba ndiyo hali ya nyumba za watu. Twamshukuru kwa kazi hiyo. Shahidi huyu ana ila, na ila yake ni biashara.

Hata hivyo, mwenye ila hatupwi moja kwa moja. Hupokelewa kwa lile ambalo hana faida ya kulizua. Picha za madarasa zilizopigwa kila mwaka, mwalimu akiwa na suti katikati ya wanafunzi wake, hazikupangwa kwa ajili ya watalii. Na ndani yake mara nyingi twawaona wavulana wamevaa sheshia, gandura na burnusi mbele ya ubao wa Kifaransa. Basi yule wa kwanza, aliyedai kuwa Wafaransa waliwavua watoto wote nguo zao, dai lake halisimami. Walio wengi wa wale wavulana hawakuvuliwa.

Lakini hapa ndipo pa kuuliza: kwa nini hawakuvuliwa? Je, ilikuwa heshima? Tutazame Moroko. Mkuu wa kwanza wa Wafaransa huko, Lyautey, aliyetawala tangu 1912 hadi 1925, alijulikana kwa kusema kuwa desturi za nchi ziachwe zilivyo. Shule zilifunguliwa za watoto wa wakubwa, na vikafuata vyuo vya Kiislamu viwili, cha Moulay Idriss mjini Fes mwaka 1914 na cha Moulay Youssef mjini Rabat mwaka 1916. Jalaba haikukatazwa. Lakini mpango wenyewe ulikuwa kila mtu akae mahali pake: mtoto wa mkubwa awe karani na msaidizi wa utawala, mtoto wa fundi abaki fundi, na Mzungu awe na mji wake mpya kando ya mji wa kale. Jalaba ikaachwa mwilini, na mpaka ukawekwa mbele ya aliyeivaa. Basi tusidanganyike. Kuachiwa kanzu yako huenda kukawa heshima, na huenda kukawa na maana ya kuambiwa: baki hapo hapo ulipo.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa wasichana. Mwaka 1845 mwanamke wa Kifaransa aitwaye Bibi Luce alifungua mjini Algiers shule ya wasichana wa Kiislamu. Kushona kulikuwamo tangu mwanzo, lakini walifundishwa pia kusoma na kuandika Kifaransa. Mwaka 1861 serikali iliikatia shule hiyo msaada wake, na ikageuka kuwa karakana ya kutarizi. Ndiyo asili ya zile picha za fremu na nyuzi tulizozitaja. Nguo za wasichana wale hazikuguswa. Kilichobadilishwa ni kile kilichotiwa mikononi mwao: kitabu kikatoka, sindano ikabaki. Sindano si aibu, na mama zetu wamesomesha watoto kwa sindano na kofia. Lakini aliyeondolewa kitabu amepungukiwa, hata kama mtandio wake uko kichwani vilevile.

Kwa upande wa pili, shule ya wasichana wa Kiislamu iliyofunguliwa Tunis mwaka 1900, iliyojulikana kwa jina la mtaa wake, Rue du Pacha, ilifundisha Kiarabu na Kurani pamoja na Kifaransa, na wanafunzi wake walikwenda na kurudi wamejifunika. Hapo alisoma Tawhida Ben Cheikh, ambaye mwaka 1928 alifaulu mtihani mkubwa wa kumaliza sekondari, na mwaka 1936 akahitimu udaktari mjini Paris, akawa daktari wa kwanza mwanamke wa Tunisia. Basi na yule wa pili, adhaniaye kuwa akili ya msichana hufunguka siku anapofunuliwa kichwa, naye dai lake halisimami.

Tumwite shahidi wa pili, nao ni waandishi waliokaa kwenye madawati yale. Ushahidi wao una uzito kwa kuwa ni wa mwenye kuona. Mouloud Feraoun, mtoto wa kijiji cha Tizi Hibel katika milima ya Kabylia, alitoa mwaka 1950 kitabu juu ya mtoto wa masikini. Alikuwa mwalimu, na aliuawa mwezi wa Machi 1962 na wauaji wa kundi la Wazungu waliopinga uhuru. Kwa mtoto aliyemo katika kitabu chake, wasiwasi mkubwa si sare wala kofia. Ni kama itapatikana fedha ya serikali ya kumwezesha kuendelea na masomo, au atarudi kuchunga. Hili ni funzo kwetu sisi tupendao kubishana juu ya kitambaa. Umasikini ndio unaowatoa watoto wengi darasani, nao hauulizi wamevaa nini.

Shahidi aliyesema kwa urefu zaidi ni Assia Djebar, aliyezaliwa Cherchell mwaka 1936, akaingia katika baraza la lugha la Ufaransa, Académie française, mwaka 2005, akafariki mwaka 2015. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1985 chaanza na msichana mdogo wa Kiarabu anayekwenda shuleni kwa mara ya kwanza ameshikwa mkono na baba yake. Baba mwenyewe ni mwalimu katika shule ya Wafaransa, naye amevaa suti ya Kizungu na tarbushi. Mwandishi amesema mengi kwa mavazi hayo mawili tu. Suti ni ya kazi, tarbushi ni ya asili, na yule mtu hakuiona haja ya kuchagua moja. Binamu zake msichana yule waliwekwa ndani walipofikia umri, lakini yeye hakufunikwa haiki. Wanawake walipouliza sababu, mama alijibu kwa kifupi tu kuwa anasoma. Jibu hilo lilitosha. Elimu ikawa ndiyo sitara yake mbele ya watu.

Lakini baba huyo huyo, kama asimuliavyo katika kitabu kingine cha mwaka 2007, alikasirika alipomwona binti yake, angali mtoto mdogo sana, akijifunza kupanda baiskeli na miguu yake yaonekana. Na katika shule ya bweni mjini Blida, msichana alicheza michezo kwa kaptura huku akiogopa baba asije akamkuta. Wako wasomaji wanaomcheka baba huyu na kumwita mtu wa nyuso mbili. Mimi simcheki. Alimpeleka binti yake shuleni katika mji ambao wengi hawakuwapeleka wao, akabeba maneno ya watu, na bado akataka stara. Kosa lake, kama lipo, ni kuwa alimkataza mtoto bila kumfahamisha. Mwanawe alibeba ghadhabu ile moyoni mpaka uzeeni bila kujua sababu. Stara ifundishwayo kwa hasira humwingia mtoto kama aibu, na aibu si haya. Haya ni tawi la imani; aibu hukaa moyoni kama jeraha.

Jambo lililo zito kuliko yote katika ushahidi wake halihusu kitambaa hata kidogo. Alikifananisha Kifaransa, lugha aliyopewa na baba yake kwa mapenzi, na vazi la Nessus. Hiki ni kisa cha Wayunani, cha nguo iliyotiwa sumu, iletwayo kama zawadi. Mwenye kuivaa hunaswa nayo, na akitaka kuivua hujichuna ngozi. Alikuwa akiandika Kifaransa juu ya mambo ya mama zake waliosema Kiarabu na Kiberiberi, na Kiarabu cha kuandika hakikukaa mkononi mwake. Hapa nampokea nusu na kumrudisha nusu. Nampokea kuwa lugha ni vazi, tena ndilo vazi pekee la shule ambalo mtoto halivui jioni afikapo nyumbani. Gandura ilifuliwa na aproni ikaning'inizwa msumarini, lakini lugha ililala naye. Namrudisha pale anapoiweka sumu ndani ya lugha ya kigeni. Waislamu wa Baghdad walitafsiriwa vitabu vya Wayunani wasidhurike. Lugha ya pili ni nguo ya juu. Madhara huja mtoto anapovishwa hiyo ya juu hali ametolewa ile ya ndani.

Nani aliitoa ya ndani? Na aje shahidi wa tatu, nao ni amri. Shahidi huyu hana pa kujificha, kwa kuwa anajieleza mwenyewe kwa tarehe na saini. Jumuiya ya Maulamaa wa Aljeria iliasisiwa mwezi wa Mei 1931 chini ya Sheikh Abdulhamid bin Badis wa Constantine. Ilifungua madrasa za Kiarabu na dini kwa wavulana na wasichana, na mwaka 1937 ikafunguliwa Darul Hadith mjini Tlemcen. Serikali haikukaa kimya. Amri ya tarehe 8 Machi 1938 ilikaza masharti ya kibali na ikaweka adhabu kwa wenye kufundisha bila kibali, na Kiarabu kikatendewa kama lugha ya kigeni katika nchi ya wenyewe. Angalieni tofauti iliyopo. Sheshia ilisamehewa, lakini mwalimu wa Kiarabu alishtakiwa. Mtawala alijua vizuri kuliko sisi wapi panapokaa roho ya watu.

Kisha tazama alivyogeuka ilipomfaa. Tarehe 16 Mei 1958, vita vikiwa vimepamba moto, wanawake walisimamishwa mbele ya umati mjini Algiers wakavua haiki zao, na mabango ya jeshi yakawahimiza wengine wafanye vivyo hivyo kwa kuwaambia kuwa ni wazuri. Frantz Fanon aliliandika jambo hilo mwaka 1959, akaonyesha kuwa mtawala aliuona mlango wa kuivunja nchi uko katika nguo ya mwanamke. Dola iliyoliacha vazi la mvulana ili abaki chini ndiyo iliyolivua vazi la mwanamke ili nchi isalimu amri. Mkono ni mmoja. Katika hali zote mbili mwenye nguo hakuulizwa.

Wala tusidhani mkono huo ni wa Wafaransa peke yao. Habib Bourguiba, mwanafunzi wa chuo cha Sadiki mjini Tunis, mwaka 1929 aliandika kulitetea vazi la kujifunika kuwa ni sehemu ya utu wa Mtunisia aliye chini ya ugeni. Serikali yake hiyo hiyo, mwaka 1981, ilitoa waraka namba 108 wa kukataza hijabu mashuleni. Vazi alilolihitaji alipokuwa mtawaliwa alilikataa alipokuwa mtawala. Na huko Ufaransa, sheria ya Machi 2004 iliwakataza wasichana mtandio katika shule za serikali, na mwaka 2023 ikakatazwa hata abaya. Jambo la kustaajabisha ni kuwa mkoloni aliuvumilia mtandio wa msichana huko Tunis mwaka 1900, na jamhuri yake haiuvumilii kwake zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Yabaki neno la sheria yetu. Wako wenye kuharakisha kusema kuwa mtoto aliyevaa aproni au suruali ya Wafaransa alikuwa amekwisha kujifananisha na wasio Waislamu. Hadithi ya kujifananisha twaijua, ameipokea Abu Daud. Lakini twajua pia katika Sahihi ya Bukhari kuwa Mtume (s.a.w.) alivaa joho la Sham lenye mikono myembamba, na Sham wakati huo ilikuwa mikononi mwa Warumi. Na mwaka 1903 Sheikh Muhammad Abduh, Mufti wa Misri, alipoulizwa na Waislamu wa Transvaal, Afrika ya Kusini, juu ya kofia ya Kizungu, alijibu kuwa mwenye kuivaa bila kukusudia kutoka katika Uislamu hatoki kwa hiyo kofia. Wako waliomlaumu, lakini msingi wake ni madhubuti: stara ni wajibu, na mshono ni desturi. Aproni ya wino haina dini. Hata hivi leo watoto wa Aljeria wanaivaa, na mwaka 2009 serikali yao yenyewe iliamrisha ya waridi kwa wasichana na ya buluu kwa wavulana katika madarasa ya chini. Aproni imebaki, Mfaransa ameondoka.

Basi hukumu yetu ni hii. Wenye kusema dini ilitoka pamoja na nguo wamekosea, kwa kuwa nguo nyingi hazikutoka. Wenye kusema nuru iliingia kwa kuvua nguo wamekosea, kwa kuwa wako walioipata nuru wakiwa ndani ya safsari, na wengi waliokoseshwa nuru hali wamevaa vyovyote. Wote wawili waliangalia mwili wa mtoto, na yule mtawala wao alikuwa akiangalia ulimi wake na nafasi yake.

Wazazi wa pwani na hili liwe mizani yao. Mtoto akiandikishwa shule, mama hushughulika na sare: kitambaa, fundi, viatu, mtandio. Ni wajibu, na shule ikiukataza mtandio yafaa wazazi waende wakaseme kwa adabu na kwa uthabiti. Lakini ziulizwe na hizi: mtoto huyu atarudi na lugha gani mdomoni? Juzuu yake ya chuoni imeachwa wapi? Na binti, anashonewa nguo ya heshima apate kwenda kusoma, au anashonewa badala ya kusoma? Katika Suratul Aaraf Mwenyezi Mungu ametutajia nguo za kufunika tupu na nguo za pambo, kisha akatutajia vazi la uchaji kuwa ndilo bora. Hakuzifuta zile za kwanza. Alizipanga. Nasi tuzipange kama alivyozipanga, wala tusimvishe mtoto lile la nje tukamwacha uchi wa lile la ndani.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.